Kazi za Mikono: Kiti Kilichooza Hakivikwi Nguo Mpya



Juma hili twataka kusema nanyi juu ya kazi ambayo wengi huidhani kuwa ya mafundi peke yao, nayo ni kubadili nguo za viti vya motokari ya zamani. Zipo nyumba zenye motokari ya baba au ya babu, imesimama chini ya banda, injini yake ingali nzima, lakini viti vimepasuka, usumba watoka nje, na kila anayeketi hushuka na suruali iliyochanika. Mwenye gari huuliza bei kwa fundi, husikia, hunyamaza. Ndipo husema moyoni mwake: je, siwezi kuifanya kazi hii mimi mwenyewe pamoja na wanangu?

Twamjibu: waweza. Mtu mwenye subira, cherehani imara na meza pana aweza kabisa. Lakini kuna neno moja ambalo twataka alishike kabla hajanunua hata mita moja ya kitambaa: nguo ya kiti ni jambo la mwisho, si la kwanza. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengi hununua nguo nzuri zilizokwisha shonwa, wakazivika juu ya viti vibovu, wakafurahi miezi michache. Kisha nguo mpya hukunjamana, hulegea, na mwisho hupasuka pale pale ilipopasuka ile ya kale, maana kilichoipasua kingali ndani. Tena, kama tutakavyoonyesha, katika gari fulani jambo hili si hasara ya fedha tu. Laweza kuleta moto.

Gari tulilolichagua

Kila gari lina desturi zake, kwa hiyo afadhali tutwae moja tulitazame vema. Tumechagua Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa mviringo, ambayo watu wa Kongo, kwa kufuata Kifaransa, huiita Coccinelle. Mjerumani Ferdinand Porsche ndiye aliyeongoza kuichora kabla ya vita kuu ya pili, na jiwe la msingi la kiwanda chake liliwekwa mwaka 1938, mahali paitwapo leo Wolfsburg. Mwaka 1972 ilizidi hesabu ya Ford T, gari la Kimarekani lililokuwa limetengenezwa kuliko yote. Ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya milioni 21. Barabara za Afrika zaijua pia: mwaka 1962 Volkswagen ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, katika vumbi na matope ambayo hatuna haja ya kuwaeleza.

Kwa kuwa zilikuwa nyingi hivyo, na kwa kuwa viti vyake vilitengenezwa kwa njia nyepesi, gari hili ni shule njema kwa mwanafunzi wa kazi hii. Aliyekijua kiti cha Volkswagen atakuwa amejua nusu ya viti vya magari mengi ya wakati ule.

Kiti ni kama mwili

Usione vyaelea, vyaundwa. Kiti cha gari la zamani kina tabaka nne, nasi tutazifananisha na mwili wa mtu ili wanafunzi wazikumbuke.

Kwanza ni mifupa: fremu ya chuma iliyopindwa na kuchomelewa. Katika Volkswagen, pembeni mwa fremu hiyo yapo meno madogo ya bati, nayo ndiyo yanayoshika ukingo wa nguo.

Pili ni mishipa: springi za waya zilizofungamanishwa pamoja. Hizo ndizo zinazobeba uzito wa mtu na kupokea mishindo ya barabara.

Tatu ni nyama. Juu ya springi hulazwa gunia la katani au la juti, ili springi zisitoboe. Na juu ya gunia huja mto mzito wa usumba wa nazi au singa za farasi, uliopuliziwa mpira ili nyuzi zishikamane. Juu yake huwekwa pamba nyembamba iliyotandazwa kama blanketi, ili ukali wa usumba usisikike.

Nne ni nguo: kitambaa kilichofumwa, au ile ngozi bandia ya plastiki ambayo viwanda viliipenda kwa sababu hupanguswa kwa maji tu.

Sasa tazameni jinsi kiti kinavyokufa. Jua huingia kwa vioo, hukausha plastiki, nayo hukatika kama jani kavu. Unyevu huingia kwa mipira ya madirisha iliyokwisha choka, hupanda chini ya zulia, hula springi kwa kutu. Waya ulioliwa na kutu hukatika, ncha yake huchoma gunia, kisha hukata usumba, kisha hufika kwenye nguo. Kwa hiyo tundu unaloliona juu mara nyingi lilianza chini, tena zamani. Anayeziba tundu la juu bila kutafuta waya uliokatika amefunika jipu bila kulitoa usaha.

Hatari iliyo chini ya kiti cha nyuma

Hapa twaomba kila msomaji asome polepole, hata yule asiye na mpango wa kushona. Katika Volkswagen hii, betri haikai mbele wala karibu na injini. Yakaa ndani, chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Yaani watu wawili au watatu huketi juu yake.

Kiwanda kilijua jambo hilo, ndiyo maana betri ilifunikwa kwa kifuniko. Lakini miaka imepita. Betri imebadilishwa mara nyingi, kifuniko kimepotea, na pengine mtu alitia betri iliyo ndefu kwenda juu kuliko ile iliyokusudiwa. Wakati huo huo springi za kiti zimelegea, gunia limeoza, usumba umegeuka kuwa vumbi. Siku moja wakaketi watu wazito nyuma, gari likapiga shimo, springi zikashuka, na waya wa springi ukagusa kile kichwa cha risasi cha betri chenye alama ya kujumlisha.

Je, kitatokea nini? Springi zimegusana na fremu, na fremu imegusana na bati la gari, na bati la gari limefungwa na upande wa pili wa betri. Basi umeme wote wa betri hupita katika ule waya mwembamba. Kwa muda mfupi sana waya huwa mwekundu kama kaa la moto, nao umelala ndani ya gunia na usumba mkavu. Msidhani kwamba fyuzi zitaokoa: umeme huo haupiti kwenye fyuzi hata kidogo. Moshi huanza chini ya watoto walioketi, katika gari lenye milango miwili tu, hata wao hawawezi kutoka kabla wa mbele hawajatoka.

Sasa mmeelewa kwa nini tumesema kwamba kiti kilichooza hakivikwi nguo mpya. Aliyevika nguo nzuri juu ya springi zilizokufa hakuondoa hatari. Ameificha tu, hata macho yake mwenyewe yasiione tena.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza kabisa ni hii: inua kiti cha nyuma, ambacho huinuka kwa mikono, ukafungue betri. Anza na waya wa upande wa kutoa, ule unaofungwa kwenye bati la gari. Kisha fungua ule wa kujumlisha. Usivute sigara karibu, maana betri inapochajiwa hutoa hewa iwakayo upesi. Iondoe betri, utazame bati lililo chini yake. Mara nyingi utakuta kutu, kwa sababu asidi imedondoka. Mwaga maji yaliyochanganywa na magadi mpaka povu liishe, suuza, kausha, kwangua kutu, paka rangi. Na ukikuta bati limetoboka, mpelekee mchomeleaji kabla ya kufikiri habari za kitambaa. Kabla ya kuanza kuchomelea, betri, viti na mazulia vyote viwe nje.

Kutoa viti na kufungua nguo

Viti vya mbele hupita juu ya reli. Inua wenzo wake, sukuma kiti mbele. Utakuta kizuizi kidogo kinachokizuia kisitoke. Kibonyeze, kisha kiti hutoka mbele ya reli. Tazama vema kizuizi hicho kilivyokaa, kwa maana tutarudi kwake mwishoni.

Siku hizi nyumba nyingi zina simu yenye kamera. Basi piga picha kila hatua: pembe, mikunjo, mahali uzi ulipopita. Kumbukumbu ya mtu ni fupi, na kazi hii yaweza kukaa majuma mawili matatu.

Vaa glavu nene na miwani. Meno ya bati ni makali, na springi ikifunguka yaweza kuruka. Funga kitambaa puani pia, kwa kuwa vumbi la usumba wa zamani huumiza kifua. Inua meno kwa bisibisi pana, polepole, kidogo tu kadiri ya kuachia nguo. Jino likipindwa na kunyoshwa mara nyingi huvunjika, na jino lililovunjika halina mwenziwe.

Hapa twatoa shauri lililo la thamani kuliko chombo chochote: usifungue viti vyote viwili vya mbele kwa pamoja. Fungua kimoja, kingine kikae kizima. Wakati utakapopotea, na kila mtu hupotea katika kazi hii, utakwenda kukitazama kile kizima, nacho kitakujibu. Kiti cha kale ni mwalimu. Usimfukuze mwalimu kabla ya kuhitimu.

Kuponya mifupa na mishipa

Ukiisha kuvua nguo na usumba, fremu itabaki tupu. Isugue yote kwa brashi ya waya, utafute nyufa kwenye maungio. Paka rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke vizuri, wala si nusu siku tu.

Pima springi kwa mkono. Bonyeza kila moja kwa uzito ule ule. Ile inayoshuka zaidi ya wenziwe imechoka. Iliyokatika yaweza kuungwa kwa kipande cha waya mgumu kilichofungwa vizuri pande zote mbili, ncha zake zikielekezwa chini na kukunjwa ndani, zisitazame juu kamwe. Lakini zikiwa nyingi zimekatika, afadhali kutafuta fremu nyingine katika gari lililokufa kuliko kushona viraka vya waya.

Kisha tandaza gunia jipya, lenye nyuzi nzito, ukalivute lisilegee, ulishone kwenye waya wa pembeni. Watu hulidharau gunia kwa kuwa halionekani. Lakini bila gunia imara, usumba mpya utazama ndani ya springi na kusagika, na baada ya mwaka mmoja utakuwa umeketi katika shimo lile lile.

Juu ya mto wenyewe twaulizwa mara nyingi: je, haifai kutumia sponji ya magodoro? Twasema: sponji nyepesi ya godoro la bei rahisi hubonyea upesi, hairudi juu, tena ikishika moto hutoa moshi wenye sumu kali. Ukipata mito ya usumba iliyotengenezwa kwa gari hili, ndiyo bora. Hupitisha hewa, nayo hudumu. Ukilazimika kutumia sponji, chagua ile nzito na ngumu, hasa pale mtu anapokalia, na ile laini kidogo kwa mgongo. Kisha tandaza pamba juu, usiikate kwa mkasi pembeni bali ichane kwa vidole, ili ukingo wake usionekane kama ngazi chini ya nguo.

Kuchagua nguo

Ngozi halisi ni nzuri, lakini ni ghali, yataka mafuta, na jua huikausha. Kitambaa kilichofumwa hakichomi mapaja wakati wa joto, lakini hunywa jasho na vumbi. Ngozi bandia hupanguswa upesi, nayo ndiyo iliyokuwa katika Volkswagen nyingi. Walakini ikiwa nyembamba hupasuka mapema. Itazame upande wa nyuma: iliyo bora ina kitambaa kilichofumwa kwa nguvu, si karatasi ya plastiki peke yake. Ivute kwa mikono miwili, kwa urefu na kwa upana. Utaona inavutika zaidi upande mmoja. Kumbuka upande huo, maana vipande vyote lazima vikatwe kwa mwelekeo mmoja, la sivyo kiti cha kulia na cha kushoto havitafanana.

Usinunue kwa kukisia. Panga vipande vya zamani sakafuni, ndani ya mstari uliochorwa kwa upana wa kitambaa cha dukani, upime urefu uliohitajika, ukaongeze kidogo kwa ajili ya makosa. Vyote vitoke katika mzingo mmoja, kwa kuwa rangi ya mzingo wa pili hutofautiana mara nyingi.

Kukata na kushona

Fumua nguo ya zamani mshono kwa mshono kwa wembe, usiichane. Kabla ya kutenga vipande viwili, piga alama za chaki zinazokatiza mshono kila baada ya sentimita 10, ukaandike jina la kila kipande: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Alama hizo ndizo zitakazokuongoza vipande vipya vikutane vema, hasa katika pembe za mviringo.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza: kipande ulichokifumua kina tayari ukingo wake wa mshono. Ukiongeza ukingo mwingine, nguo yako itakuwa pana mno, itakunjamana kama koti la kaka mkubwa juu ya mdogo wake. La pili: nguo ya kale imevutika kwa miaka mingi pale watu walipoketi. Ikunje katikati, ulinganishe nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Nusu iliyo nzima ndiyo utakayoifuata. Kisha chora kwanza juu ya karatasi nene, wala usichore moja kwa moja juu ya kitambaa cha fedha nyingi. Hapa ninyi wanafunzi mtaona kwamba somo la hesabu za maumbo halikuwa la kupita mtihani tu.

Cherehani ya chuma ya zamani, ile ya kuzungushwa kwa mkono, yafaa sana, kwa kuwa ina nguvu na huenda polepole. Tumia sindano nene, namba 100 au 110, na uzi wa nailoni au wa poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na unyevu. Fanya mishono mirefu, kama milimita 4, kwa sababu mishono midogo iliyosongana huitoboa plastiki kama ukingo wa stempu, nayo hukatika kwa kufuata mstari. Usitumie pini: tundu la pini katika plastiki halizibiki tena. Tumia vibanio vya kuanikia nguo. Na plastiki ikigoma kuteleza chini ya mguu wa cherehani, weka karatasi nyembamba juu yake, ushone juu ya karatasi, kisha uichane.

Katika mishono ya pembeni mwa kiti kuna kamba nyembamba iliyofunikwa kwa kitambaa. Si urembo tu; huimarisha mshono na kuficha upotovu mdogo. Shona kamba hiyo kwanza kwenye kipande kimoja, ndipo uongeze cha pili. Usiianze wala kuimaliza mbele, bali nyuma au chini, mahali pasipoonekana. Katika pembe, kata ukingo wake kwa vikato vidogo vidogo ili ujipinde bila kukunjana.

Kabla ya kukata kitambaa kizuri, shona pembe moja kwa mabaki. Pembe ikikushinda mara ya kwanza, hujapoteza kitu.

Kuvika kiti

Chagua siku ya jua. Lazaza nguo mpya juani kwa muda, mpaka plastiki iwe laini mkononi. Ikiwa baridi haikubali kuvutwa. Funika usumba na pamba kwa mfuko mwembamba wa plastiki, ili nguo iteleze juu yake badala ya kushikamana, kisha uuvute mfuko utoke, au uutoboe matundu mengi na kuuacha.

Anza katikati ya upande wa mbele, kisha katikati ya upande wa nyuma, ndipo pande mbili. Pembe huwa za mwisho. Anayeanza na pembe hukusanya mikunjo yote katikati, wala hawezi kuitoa tena. Kazi hii yataka watu wawili: mmoja abonyeze kiti kwa magoti, mwingine avute na kuingiza ukingo chini ya meno. Usifunge meno kabisa mpaka umetazama kiti kutoka mbele, kutoka kando na kutoka juu. Mkunjo mdogo utakaobaki utanyoka kwa joto la jua na kwa kukaliwa; mkunjo mkubwa ni dalili ya kukata vibaya, nao hautanyoka.

Milango na dari

Ubao wa mlango ni kazi nyepesi kuliko kiti. Toa mpini wa kioo na wa kitasa. Katika magari ya zamani hushikwa na pini ndogo, katika ya baadaye na skrubu. Kisha banua vibano pembeni kwa chombo bapa. Mara nyingi utakuta ubao umeoza upande wa chini. Kumbe maji ya mvua huingia ndani ya mlango kwa kupita kando ya kioo, nayo hutakiwa kutoka kwa vitundu vilivyo chini ya mlango. Zibua vitundu hivyo, ukabandike karatasi ya plastiki nyuma ya ubao mpya. Bila hiyo, ubao wako mzuri utavimba katika masika ya kwanza.

Lakini dari ni habari nyingine. Nguo yake imetundikwa kwa vyuma vyembamba vilivyopinda kama upinde, kila kimoja na kipimo chake, na ukingo wake umebandikwa kwa gundi kuzunguka madirisha. Hata vioo vya mbele na vya nyuma sharti vitolewe. Yeye anayeshona kwa mara ya kwanza asianzie hapo. Si aibu kumpa fundi sehemu iliyo yake. Na kila utumiapo gundi, kazi iwe nje au milango yote wazi, maana mvuke wake hulevya, tena huwaka.

Kabla ya safari ya kwanza

Gari likiisha kupendeza, furaha hutusukuma kuondoka mara moja. Ngojeni kwanza. Yapo mambo matatu ambayo baba wa nyumba ayapime kwa mkono wake mwenyewe, asimtume mtoto.

La kwanza ni kiti cha dereva. Kizuizi cha reli kirudishwe mahali pake, na wenzo ushike tundu la reli sawasawa. Ketini, mkisukume kiti kwa nguvu mbele na nyuma. Kiti kinachoteleza wakati gari lapanda kilima humwondoa dereva mbali na breki, naye hawezi kusimamisha gari.

La pili ni mikanda ya usalama, kama gari linayo. Tazameni kwamba hakuna bolti iliyoachwa, wala mkanda uliofunikwa chini ya zulia jipya.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni betri. Iwe ya kimo kilichokusudiwa, imefungwa isitikisike, na juu yake uwepo kifuniko kizima kisichopitisha umeme. Kisha fanyeni jaribio hili, nyaya za betri zikiwa bado zimefunguliwa: wekeni bonge la udongo laini juu ya kifuniko, mrudishe kiti, waketi juu yake watu wawili wazito, warukeruke kidogo. Inueni kiti, mtazame udongo. Ukibaki mnene, kama vidole viwili, springi ziko mbali. Ukiwa umebonyezwa kama chapati, msiifunge betri kwanza. Rudini kwenye springi na gunia, hata kama nguo imekwisha shonwa na majirani wamekwisha isifu.

Jaribio hilo halichukui robo ya saa. Lakini yeye aliyefuata njia tuliyoieleza, akaanza na mifupa, akafuata mishipa, akafuata nyama, ndipo akaja kwenye nguo, ataufungua mlango wa gari kwa moyo mtulivu, awaambie wanawe waingie nyuma, wakae.